MGUU WA MFANYAKAZI SI CHUMA CHAKAVU

Ndugu wafanyakazi,

Katika gazeti letu hili tumezoea kusema juu ya mshahara, nyumba na saa za kazi. Leo twataka kusema juu ya mfupa. Msicheke. Mtu akipoteza mshahara wa mwezi mmoja atakopa kwa jirani, na mwezi wa pili atalipa. Mtu akipoteza sentimita 6 za mfupa wa mguu, jirani gani atamkopesha?

Habari yenyewe ni hii. Yuko mwenzetu wa gangi ya njia, baba wa watoto wanne, akaa hapa hapa Satellite. Jina lake hatulitaji kwa sababu shauri lake halijakwisha, na jina la tajiri wake hatulitaji kwa sababu hiyo hiyo. Tajiri huyo ni mkandarasi aliyepewa kazi ya kutengeneza njia, na watu wake wote ni vibarua. Siku moja walikuwa wakishusha reli kutoka behewani. Mtaimbo ukateleza, reli ikamwangukia mguu wa kushoto chini ya goti. Mfupa wa muundi ukavunjika vipande, na ncha moja ikatokeza nje ya ngozi.

Sikilizeni yaliyofuata, maana makosa mengine ni yetu wenyewe. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwapo, lakini ndani mlikuwa na mkasi mmoja na chupa tupu. Tulimfunga kwa kitambaa tulichokuwa tukipangusia grisi. Tukamlaza nyuma ya pikapu juu ya vyuma. Alipofika hospitali alilazwa kwenye benchi, na kidonda hakikuoshwa vizuri mpaka kesho yake mchana. Baada ya wiki mbili ukaanza kutoka usaha. Baada ya wiki nyingine kadhaa alihamishwa, na daktari wa mifupa akafungua mguu akakuta kipande cha mfupa kimekufa, cheupe kama chaki, hakitoi damu. Akakitoa chote. Likabaki pengo la sentimita 6. Akaushika mguu kwa vyuma vya nje, akajaza pengo lile kwa saruji ya mifupa iliyochanganywa na dawa ya kuua vijidudu. Akamwambia: baada ya wiki 6 mpaka 8 nitakufungua tena, nitoe saruji, nikupandikize mfupa wako mwenyewe.

Ndipo akaja karani wa bima na karatasi. Alisema kwa upole, "Mzee, matibabu ya lazima yamekwisha. Hayo ya kupanda mfupa ni hiari yako. Lakini ukikubali mguu ukatwe, sisi tutalipa upasuaji huo wiki hii hii, na fidia yako itahesabiwa upesi." Na msimamizi wa kazi naye akaongeza kuwa nafasi yake haiwezi kumngoja mwaka mzima.

Sisi twasema: neno hilo "hiari" ni uongo, na chama kisipolipinga leo, kesho litatumika juu ya kila mmoja wetu. Kupandikiza mfupa ni sehemu ya matibabu ya mguu uliovunjika, sawasawa na kuosha kidonda na kufunga plasta. Aliyevunja mguu wa mtu kazini anadaiwa matibabu mpaka mwisho wake, si mpaka pale panapomfaa yeye.

KUPANDIKIZA MFUPA NI KITU GANI

Wengi wetu tumesoma shule za misheni, na twakumbuka habari ya Adamu na ubavu wake. Daktari wa mifupa hufanya kazi ya kufanana na hiyo. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, na daktari huchukua mfupa kutoka mahali unapoweza kupunguzwa bila hasara kubwa. Mara nyingi ni ukingo wa nyonga, pale mtu anapofungia mshipi. Ndani yake mna mfupa laini wenye matundu kama sega la nyuki, nao una uboho na chembe hai. Hukatwakatwa vipande vidogo vidogo, vikajazwa katika pengo.

Vipande hivyo vina kazi tatu. Kwanza, chembe hai zilizomo huanza kujenga mfupa mpya. Pili, huziita chembe nyingine za mwili zije kujenga. Tatu, huwa kama jukwaa la waashi, mishipa ya damu ikapanda juu yake. Polepole mwili huvila vipande vile na kuweka mfupa mpya mahali pake, mpaka mwishowe mfupa wote umekuwa mmoja. Kwa kuwa mfupa ni wa mgonjwa mwenyewe, mwili wake haumkatai mgeni, na hakuna haja ya kuununua ng'ambo.

Sisi watu wa njia twaweza kulifahamu jambo hili upesi kuliko makarani. Mvua ikila tuta, reli na mataruma vikabaki vikining'inia hewani, hakuna mtu mwenye akili asemaye njia yote ing'olewe. Kwanza twaondoa tope. Kisha twashikilia reli isitikisike. Kisha twajaza mawe na kokoto. Treni ya kwanza hupita polepole, na nyingine baada yake. Mguu ni vile vile. Usaha na mfupa uliokufa viondolewe vyote. Mfupa ushikwe usicheze. Iwepo nyama na ngozi hai ya kuufunika, na damu ya kuulisha. Ndipo pengo lijazwe. Ukimwaga kokoto juu ya tope umepoteza kazi yako. Kwa hiyo daktari anaposema "ngoja wiki 6" hafanyi uvivu, anangoja tuta likauke.

Pengo dogo hujazwa mara moja. Likiwa kubwa, tuseme limezidi sentimita 5 hivi, vipande vikijazwa hivi hivi mwili huweza kuvila vyote kabla havijashika. Ndiyo sababu madaktari wametafuta njia za mapengo makubwa.

Njia ya kwanza ndiyo aliyoanzishiwa mwenzetu. Aliibuni daktari Mfaransa, Alain-Charles Masquelet, katika miaka ya 1980. Saruji huwekwa katika pengo, na kwa wiki 6 mpaka 8 mwili huizungushia utando wenye mishipa mingi ya damu. Utando huo ni kama mfuko. Saruji hutolewa, mfuko hujazwa vipande vya mfupa, hushonwa, na mfuko wenyewe huvilinda na kuvilisha vile vipande.

Njia ya pili ni ya Mrusi, Gavriil Ilizarov, aliyeanza kazi yake huko Kurgan, Siberia, mwaka 1951. Yeye huuzungushia mguu vyuma vya pete, huukata mfupa mahali penye uzima, kisha huuvuta milimita 1 kwa siku, robo milimita mara nne. Mfupa mpya huota nyuma ya kile kinachovutwa. Pengo la sentimita 6 lina milimita 60, basi ni siku 60 za kuvuta, na baada ya hapo miezi mingi ya kungoja mfupa mpya ukomae.

Njia ya tatu ni kuchukua mfupa mwembamba ulio kando ya muundi na kuuhamisha uzibe pengo. Pengine huhamishwa pamoja na mishipa yake ya damu, ikaunganishwa upya chini ya darubini.

Njia ipi inamfaa mgonjwa yupi, hiyo ni kazi ya daktari. Sisi hatumfundishi. Lakini tazameni jambo moja. Katika njia ya Masquelet, upasuaji wa kwanza na wa pili ni kazi moja. Karani asemaye matibabu yamekwisha wakati saruji ingali mguuni ni sawa na bwana mkubwa aliyeweka magogo ya muda chini ya daraja, akakata utepe, akasema daraja limekwisha, treni ipite.

JAMBO HILI SI JIPYA

Watatuambia kuwa hii ni dawa mpya ya kujaribu, na bima hailipi majaribio. Basi wajibiwe kwa tarehe.

Mwaka 1880, katika mji wa Glasgow, daktari William Macewen alimtibu mtoto mdogo ambaye mfupa wa mkono wake wa juu uliharibiwa na usaha, sehemu kubwa ikapotea. Macewen alichukua vipande vya mifupa ya watoto wengine aliokuwa akiwanyoosha miguu iliyopinda, akavipanda katika mkono ule. Mkono ukapata mfupa, ukatumika. Wakati ule hapakuwa na reli Kenya, wala mji wa Nairobi. Reli ilifika hapa mwaka 1899, karibu miaka 20 baada ya mtoto yule kuponywa. Sasa reli ile ya kwanza imekuwa ya zamani, imejengwa nyingine mpya kando yake, na bado kuna mtu atuambiaye kupanda mfupa ni jambo geni!

Ilizarov naye alidharauliwa miaka mingi na madaktari wakubwa wa Moscow kwa kuwa alikuwa daktari wa mkoani. Mwaka 1965 Valery Brumel, Mrusi aliyekuwa ameshinda dhahabu ya kuruka juu katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, aliumia mguu vibaya katika ajali ya pikipiki. Alipasuliwa mara nyingi asipone. Mwaka 1968 akaenda kwa Ilizarov huko Kurgan, mguu ukaunga, akaruka tena. Hakurudi kuwa yule wa zamani, lakini aliruka kwa miguu yake miwili. Hapa kwetu vijana wangapi wa bodaboda wamelala na mguu kama ule wa Brumel? Tembea katika barabara ya Naivasha kutoka Kawangware mpaka Riruta uhesabu magongo.

Wala msidhani kazi hii iko Ulaya tu. Hospitali Kuu ya Kenyatta ilianza mwaka 1901 kama hospitali ya wenyeji, ikapewa jina la mfalme wa Kiingereza, na baada ya Uhuru ikapata jina ililo nalo. Ina madaktari wa mifupa, na Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha wengine pale. Kikuyu iko hospitali ya kanisa la PCEA yenye kitengo cha mifupa. Kijabe iko hospitali ya AIC tangu mwaka 1915, na jirani yake hospitali ya CURE, iliyofunguliwa mwaka 1998 kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Kikuyu na Kijabe ziko kando ya njia yetu ya zamani ipandayo kwenda Limuru na kuteremka Bondeni. Uganda, karibu na Entebbe, hospitali ya CoRSU imekuwa ikitibu watoto ambao mifupa yao imeoza kwa usaha. Dar es Salaam iko Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na mwaka 2020 madaktari wake pamoja na wenzao wa Marekani walichapisha uchunguzi mkubwa juu ya miundi iliyovunjika na kutokeza nje. Basi maarifa yako Afrika Mashariki, na mikono iko. Kinachokosekana ni mtu wa kulipa na muda wa kungoja.

SHERIA INASEMA NINI

Iko Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile inayoitwa WIBA. Matajiri wengi waipenda sehemu moja tu, ile inayosema mfanyakazi apeleke shauri lake kwa Mkurugenzi na asikimbilie mahakamani kudai fidia. Sheria hii ilibishaniwa miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ikaikubali tarehe 3 Desemba 2019. Haya, imekubaliwa. Basi ifuatwe yote.

Kifungu cha 47 chasema tajiri atalipa gharama za haki za matibabu, upasuaji, hospitali, uuguzi, dawa, na pia viungo vya bandia na magongo. Neno ni "upasuaji". Haikuandikwa "upasuaji wa kukata tu". Fidia ya ulemavu wa kudumu nayo huhesabiwa kwa mishahara ya miezi 96, kwa kadiri ya ulemavu wenyewe. Hapo ndipo mjanja anapoingia. Mfanyakazi akionyeshwa hesabu ya miezi huona fedha nyingi ambazo hajapata kuziona maishani, na husahau kuwa ni bei ya mguu.

Shikeni na hesabu hizi. Tajiri aarifiwe ajali mara moja, kwa maandishi kama inawezekana. Dai lipelekwe kabla ya miezi 12 kwisha tangu siku ya ajali. Ukiona uamuzi wa Mkurugenzi si wa haki, una siku 60 za kuupinga. Siku hizo zikipita ukiwa umelala na maumivu nyumbani, hakuna atakayekuamsha.

MANENO YA WAPINZANI

Wasema kwanza: kupanda mfupa ni ghali kuliko kukata. Kwa wiki hii, kweli. Kwa maisha, si kweli. Huko Marekani wachunguzi waliwafuata watu 545 walioumia miguu vibaya, wengine wakakatwa, wengine wakatengenezwa. Mwaka 2007 walichapisha hesabu ya gharama. Katika miaka miwili ya kwanza, mguu wa bandia ukitiwa katika hesabu, gharama za pande zote mbili zilikaribiana. Lakini kwa maisha yote, walikadiria dola 163,282 kwa aliyetengenezwa na dola 509,275 kwa aliyekatwa, yaani mara tatu. Sababu ni kuwa mguu wa bandia huchakaa na lazima ubadilishwe tena na tena. Marekani si Kenya, na dola zao si shilingi zetu. Lakini mguu wa bandia huchakaa Satellite kama unavyochakaa Chicago, na kwa matope ya mitaa yetu pengine upesi zaidi. Tofauti ni kuwa hapa, ukichakaa, karani wa bima hayupo tena. Gharama imehamia kwa mke, watoto na ndugu.

Wasema pili: aliyekatwa aweza kuishi vizuri. Hapa tutasema kweli yote, maana ukweli nusu ni silaha ya adui. Wachunguzi wale wale waliona mwaka 2002 kuwa, baada ya miaka miwili, hali ya waliokatwa na ya waliotengenezwa haikutofautiana sana. Wote walikuwa wameteseka. Tena iko miguu ambayo lazima ikatwe: iliyosagika mishipa yote ya damu na ya fahamu, au yenye sumu inayotaka kumwua mtu. Daktari akikata hapo, ameokoa maisha, naye apewe shukrani. Wala mtu aliyekatwa mguu si nusu mtu, na mwanachama asitumie gazeti hili kumcheka mwenzake. Sisi hatubishani na msumeno wa daktari. Twabishana na msumeno wa karani. Uamuzi wa kukata au kutengeneza ni wa mgonjwa na daktari wake, kwa sababu za mguu wenyewe. Usiwe wa mtu mwenye daftari la bima, kwa sababu za mwisho wa mwezi.

Wasema tatu: wafanyakazi wenyewe hukubali kukatwa na kutia sahihi. Ndiyo, hutia. Mtu ambaye kodi ya nyumba imemshinda, watoto wamerudishwa shuleni kwa ajili ya karo, na amekaa miezi bila mshahara, ukimwekea mbele karatasi na fedha, atatia sahihi. Huko si kukubali. Huko ni njaa imeshika kalamu.

Wasema nne: kazi haiwezi kumngoja mtu mwaka mzima. Lakini injini ikiharibika hungojewa! Tumeona injini zikilala karakanani miezi mingi zikingoja kifaa kutoka ng'ambo, na hakuna aliyesema ziuzwe chuma chakavu. Fundi wa njia aliyejifunza kazi miaka 10, ajuaye kwa sauti ya nyundo kuwa boliti imelegea, thamani yake imekuwa chini ya injini?

NA SISI WENYEWE

Tukiwaonya matajiri, tujionye na sisi.

Kwanza, pengo kubwa katika mfupa mara nyingi haliletwi na ile reli iliyoanguka. Huletwa na uchafu na kuchelewa. Mfupa uliotokeza nje unataka dawa ya kuua vijidudu mapema kabisa, ikiwezekana ndani ya saa moja, na kuoshwa vizuri na mpasuaji bila kungoja kesho. Muundi una nyama kidogo sana mbele. Pitisha kidole utaona ngozi imekaa juu ya mfupa. Kwa hiyo ukivunjika, ni rahisi kutoka nje na rahisi kuoza. Sisi tulimfunga mwenzetu kwa kitambaa cha grisi. Huenda sehemu ya pengo lile ni yetu, na neno hili linatuuma. Tangu sasa: funika kwa kitambaa safi, funga ubao usicheze, usiurudishe mfupa ndani kwa mkono, usipake majivu wala mafuta, peleka hospitali upesi.

Pili, wako wazee waungao mifupa kwa vijiti na majani. Hatuwatukani, mfupa uliovunjika bila kutoka nje wamewaungia wengi. Lakini mfupa uliotoboa ngozi si kazi yao, na kifungo kinachobana mpaka vidole vikawa vyeusi kimekata miguu mingi kabla ya daktari kuiona. Ukiona usaha, usiende kwa mzee.

Tatu, sigara. Moshi wa tumbaku hubana mishipa midogo ya damu na kuchelewesha mfupa kuunga. Wakati mwingine huuzuia kabisa. Mtu aliyepandikizwa mfupa akivuta sigara anajing'olea kokoto mwenyewe. Basi mnapokwenda kumtazama mgonjwa, msimpelekee pakiti. Mpelekeeni maharagwe, mayai na maziwa. Mfupa hujengwa kwa chakula.

TUNAYOTAKA

Mkutano wa tawi letu umekubali maneno haya, nasi twaomba kila tawi liyajadili na kuyapeleka Makao Makuu ili yatiwe katika mkataba wetu ujao wa kazi:

1. Matibabu ya mfupa uliovunjika kazini yahesabiwe kuwa hayajakwisha mpaka daktari wa mifupa aandike kuwa mfupa umeunga, au kwamba hakuna la kufanya tena. Upandikizaji wa mfupa utajwe kwa jina lake.

2. Mfanyakazi asiwekewe karatasi ya kukatwa kiungo wala ya kumaliza fidia kabla ya kuonwa na daktari wa pili asiyelipwa na bima ile, na mtu wa chama awepo.

3. Nafasi ya kazi ya aliyeumia ishikwe wakati wote wa matibabu, na akirudi apewe kwanza kazi nyepesi.

4. Vibarua wa makandarasi wahesabiwe sawa na sisi. Reli ikianguka haiulizi nani ni wa kudumu na nani ni wa siku.

5. Kila gangi iwe na sanduku la huduma ya kwanza lililojaa, likaguliwe kila Jumatatu, na watu wawili waliofundishwa.

6. Kwa wale walioumia nje ya kazi, pamoja na ndugu zetu wa bodaboda: tangu Oktoba 2024 twakatwa kwa ajili ya bima ya afya ya taifa, SHA, shilingi 2 na senti 75 katika kila shilingi 100 za mshahara. Twataka ibandikwe katika kila hospitali, kwa Kiswahili, ni shilingi ngapi zinazolipwa kwa kupandikiza mfupa na kwa vyuma vya kuushika, na ni ngapi zinazobaki kwa mgonjwa. Anayelipa ana haki ya kujua anunuacho. Lakini aliyeumia kazini asisukumwe kwa SHA ili tajiri apone. Deni la tajiri ni la tajiri.

Ndugu, mwenzetu hajatia sahihi. Saruji imekaa mguuni wiki tatu sasa. Wiki ya 6 yaja, na ya 8 baada yake, na daktari yuko tayari. Tawi limepeleka shauri kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kwa barua, na nakala iko kwa katibu. Mwenye kutaka kuisoma aisome. Iwapo jibu halitafika kabla ya siku ya upasuaji, hatutaiacha siku hiyo ipite. Tumeanza kuchanga. Kila mwanachama wa tawi ametoa shilingi 500, na waliokosa wametoa 100. Mchango huu ni mkopo. Tajiri atatulipa, na risiti zote zimetunzwa.

Mkewe alikuja katika mkutano wetu Jumapili iliyopita. Hakuomba fedha. Aliuliza neno moja tu: "Mnaniambia nimzuie asitie sahihi. Je, mtakuwa nami mpaka mwisho?" Wazee walinyamaza kwanza, kwa sababu mwaka ni mrefu na ahadi ni nyepesi. Kisha mwenyekiti akasimama akasema ndiyo, na sisi sote tukasimama.

Sasa tumeliandika, na ninyi mmelisoma. Tusipolitimiza, mtushtaki.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu wa gangi na karakana,
Tawi la Satellite.

(Ukisha kusoma usitupe karatasi hii. Mpe mwenzako wa zamu ya usiku.)